Habari za Humo Ndani

Nilitaka akohoe. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili nisije nikajificha baadaye nyuma ya maneno mazuri. Sikutaka afe, wala afilisike, wala mwanawe apatwe na jambo. Nilitaka mwenye nyumba wangu aketi ndani ya chumba changu, avute hewa tuliyokuwa tunaivuta sisi, kifua kimbane kama kilivyokuwa kinambana binti yangu, na mimi niwe pale namtazama.

Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la saba, na barua ndefu kuliko zote niliyowahi kuandika ilikuwa ya kumwombea mtoto ruhusa shuleni. Lakini jambo hili limenikaa, na kila nikilisimulia kwa mdomo nalisimulia vibaya. Nikiwa na hasira, yule mzee anatoka shetani. Nikiwa nimeshiba, anatoka malaika. Labda kwenye karatasi nitampata kama alivyo.

Tunapanga Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, sebule ndogo na chumba kimoja, katika nyumba yenye wapangaji wengi na ua katikati. Tulipohamia, chumba kilikuwa na dirisha la mbao, kubwa, upande wa barabara, linaangalia mashariki. Upepo wa Dodoma kila aliyekaa huku anaujua. Ukianza, unakuja na vumbi lote la njiani, unakuletea kitandani. Nilikuwa nafagia asubuhi, nafagia mchana, na nilikuwa nalisema lile dirisha vibaya. Namwambia mume wangu, "Hili si dirisha, hili ni mdomo." Naye anajibu, "Basi lifunge mdomo." Laiti angejua nani angekuja kulifunga.

Mwenye nyumba ni Mrangi kama mimi, mtu wa Kondoa. Alikua pamoja na marehemu baba yangu, wakashuka mjini pamoja kuuza nafaka. Yeye akabaki, baba akarudi Kondoa, mlimani. Kwa hiyo kwangu si mwenye nyumba tu, ni baba mdogo. Namwamkia shikamoo, naye ananiita mwanangu. Baba alipofariki, ni yeye aliyetafuta gari la kutupeleka nyumbani, na jeneza alilibeba mwenyewe mpaka kaburini, bega lake likachubuka. Nimeliona kwa macho yangu, siwezi kulifuta kwa sababu ya hasira. Aliingiza bomba la maji uani. Wapangaji wa nyumba nyingine walikuwa wanakuja kwetu na ndoo.

Kila siku baada ya swala ya alasiri anapita, fimbo mkononi, kofia yake nyeupe kichwani. Anasimama barabarani penye lango la ua, hatua chache kutoka mlango wetu, na kuuliza neno lilelile.

"Habari za humo ndani?"

Nami najibu neno lilelile. "Nzuri tu, baba mdogo."

Nyumba iliharibika kwa hatua mbili, na hatua ya kwanza tuliiomba wenyewe. Nasema ukweli. Wanawake wa uani tulikuwa tunapika kwenye majiko ya mkaa, kila mmoja mbele ya mlango wake, na masika tulikuwa tunalowa. Siku moja mvua ilijaza sufuria ya maharage ya jirani yangu mpaka maharage yakaogelea, tukacheka, kisha tukamlilia mzee. Akaezeka ua wote kwa bati, ukuta hadi ukuta. Siku linapigwa, mimi ndiye niliyewapikia mafundi chai. Tulishangilia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza moshi wetu utapita wapi.

Hatua ya pili hatukuulizwa wala hatukuomba. Serikali ilipohamia huku, mji ulivimba, na kila mwenye ukuta wa barabarani akataka fremu za biashara, vyumba vya duka vya kukodisha. Mzee naye akajenga zake. Alizipachika kwenye ukuta wa nyumba upande wa barabara, zikaegemea chumba changu. Ukuta wa nyuma wa fremu ya pili ulipanda mbele ya dirisha langu, karibu kiasi kwamba ukivuta ubao wa dirisha ndani na kunyoosha kidole unagusa tofali. Fundi hakuliziba dirisha. Alilipita tu. Aliliacha likiwa na mbao zake, vyuma vyake na komeo lake, kama mtu aliyeachwa kituoni na gari lililokwishaondoka.

Ile siku tofali za mwisho zinapanda nilikuwa ndani natazama mwanga unavyopungua mstari kwa mstari. Mchana wa saa nane nikawasha taa. Jioni mzee akapita.

"Habari za humo ndani?"

"Nzuri tu, baba mdogo."

Kifua cha binti yangu kilikuwa kinamsumbua tangu mdogo, lakini kwa mbali, wakati wa vumbi tu. Baada ya fremu kikawa cha kila siku. Moshi wa uani, ambao zamani ulipanda mbinguni, sasa ulikuwa unagonga bati na kurudi, unatafuta pa kutokea, unapaona mlangoni kwetu. Unaingia. Ukiingia hautoki, maana pa kutokea pana tofali. Kuta zikaanza jasho. Nyuma ya kabati rangi ikavimba na kufanya madoa meusi, nikayafuta kwa sabuni, yakarudi. Mtoto akawa anakaa kitandani ameegemea mto, mabega juu, anavuta pumzi kama anayevuta kamba kisimani. Akiongea anakata maneno. Nilimwona anajifunza kusema maneno machache ili pumzi imtoshe, na mtoto huyo alikuwa msemaji hasa, mwalimu wake alimwita redio.

Tulikwenda hospitali. Daktari, kijana mpole, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akatuonyesha namna ya kuibonyeza. Kisha akauliza tunapikia wapi, na dirisha linafunguka. Nikamwambia linafunguka vizuri sana, ila linafungukia ukuta. Akadhani natania. Alipoona sicheki akaweka kalamu chini.

"Mama, dawa ninayo," akasema. "Hewa sina. Hewa mkaitafute nyumbani."

Mtu atauliza mbona hatukuhama. Tulitafuta. Dalali alitupeleka mtaa mpya, kwenye nyumba ya paa la kuficha, zile ambazo ukizitazama kwa nje hazina paa, kama kichwa kilichonyolewa. Ilikuwa imepakwa rangi nzuri, na madirisha ya vioo vyeusi. Nilivuta kioo kikafunguka nusu, nusu ya pili haifunguki milele, ndivyo ilivyotengenezwa. Nikatazama juu. Dari lilikuwa limechora ramani, maji ya mvua yamekwama kwenye lile paa lililofichwa yakashuka ndani.

"Hapa ni kisasa, mama," akasema dalali. "Unaweka feni tu, umemaliza."

"Feni itachukua hewa wapi?" nikamuuliza.

"Itazungusha hii hii."

Mume wangu alicheka mpaka tukafika barabarani. Mimi sikucheka. Yeye ni kibarua, anamwaga zege kwenye majengo ya ofisi za serikali huko Mtumba, na alikuwa ananisimulia kwamba madirisha ya huko mtu mzima anasimama ndani yake na kunyoosha mikono. Mchana kutwa anajenga madirisha ya watu, jioni anarudi kulala ndani ya kopo.

Mwishowe tulimpeleka mtoto kwa mama yangu, kijijini Kolo, kule Kondoa. Sitaki kuisifia nyumba ya kijijini kupita kiasi. Tembe la bibi yangu, nyumba ya paa la udongo niliyolala utotoni, ilikuwa na giza na moshi, na bibi alikufa macho yake mekundu kama pilipili. Tusidanganyane kwamba wa zamani walijua kila kitu. Lakini mama anakaa nyumba ya tofali za kuchoma, ina dirisha huku na dirisha kule, upepo unaingia kwa hili unatokea kwa lile, na jiko liko peke yake nje. Mtoto alipofika, baada ya siku chache mama alipiga simu. Nikasikia nyuma yake sauti ya binti yangu anamgombeza mbuzi, maneno marefu, bila kukata.

Nilikata simu nikakaa chini. Mtu angetegemea nifurahi. Nilijisikia nimeibiwa. Yule mzee, kwa tofali zake, amenitolea mtoto nyumbani, na kesho saa kumi atapita na kuuliza habari za humo ndani.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza albadiri.

Kwa asiyejua, albadiri ni kisomo. Aliyedhulumiwa anakwenda kwa mwenye elimu, kinasomwa, na aliyemdhulumu anapatwa na lake. Mtaani kwetu ukitangaza tu kwamba unasoma albadiri, kuku walioibwa wanarudi wenyewe. Masheikh wengi hawaipendi, wanasema tumwachie Mungu. Na ina sharti moja ambalo watu wanaliogopa kuliko kisomo chenyewe: ukimsomea asiye na kosa, inakurudia wewe.

Nilikwenda kwa ustadhi mmoja anayefundisha watoto mtaa wa pili. Nikaeleza yote, dirisha, bati, mtoto. Alinisikiliza huku anachonga kalamu ya mwanzi kwa kisu kidogo.

"Huyo mtu," akasema, "alijua kwamba mtoto wako anaumwa kifua?"

"Kila mtu anajua."

"Sikuulizi kila mtu. Yeye."

"Sijui."

"Ulimwambia?"

Nikaitazama ile kalamu yake.

"Anakaa mbali?"

"Anapita kila siku mlangoni."

"Huwa anasemaje?"

"Anauliza habari za humo ndani."

"Na wewe unamjibu nini?"

Jamani. Sijawahi kuona neno dogo likiwa zito kama lile nililolazimika kulitamka mbele ya yule mtu.

"Namjibu nzuri."

Ustadhi aliweka kile kisu chini. Hakucheka, namshukuru kwa hilo. "Dada yangu," akasema, "hapa tukisoma, sijui itakwenda nyumba gani. Kajue kwanza kama anajua. Akijua na akaendelea, njoo."

Njia nzima nilirudi nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Niambieni, ningejibu nini kingine? Mtu mzima, rafiki wa baba yako, anakuuliza habari barabarani mbele ya watu, ukamwambie mbaya, nyumba yako inaniulia mtoto? Tumelelewa kwamba habari ni nzuri hata kama kuna maiti ndani. Kwanza ni nzuri, halafu ndiyo unasema. Mimi ile halafu ilinishinda kila siku, kwa kuwa yeye alikuwa amekwishapita. Huenda ni kosa langu. Huenda ni letu sote. Lakini mimi ndani ya nyumba ya mtu sijawahi kujenga ukuta mbele ya dirisha, na hilo pia liandikwe.

Nilimweleza mume wangu. Yeye akasema njia ni fupi: nyundo ipo kazini, ataiazima, tofali mbili zinatoka Jumapili.

"Na wale wa fremu?" nikauliza. Fremu ile ilikuwa imepangwa na msichana wa saluni, mtoto wa watu, hana hatia, ametundika vioo vyake ukutani kwa upande wa pili.

"Watapata hewa na wao."

"Hapana."

"Mke wangu," akasema, "nimeona visasi vingi, hiki chako kina adabu mno. Kitachelewa."

Kilichelewa hadi Ramadhani. Mwezi ulipoandama nikajua la kufanya. Nilimngoja mzee barabarani, nikamwamkia, na kabla hajauliza chochote nikamwambia nataka afuturu kwetu.

"Nitakuja, mwanangu," akasema, amefurahi kweli. "Mwaliko wa futari unakataliwa?"

Nilijua haukataliwi. Ndiyo maana.

Siku hiyo nilipika kwa moyo wangu wote, nisije nikasemwa kwamba nilimnyima chakula. Mihogo ya nazi, viazi vitamu, maharage, uji wa pilipili manga, tende kwenye kisahani. Nitaeleza pia nilichokiwaza na sikukifanya. Niliwaza nitie kuni mbichi jikoni, moshi uzidi. Niliwaza niache pilipili ikaange. Nikasema hapana, nikifanya hivyo itakuwa hila yangu, si nyumba yake. Nataka avute hewa ileile, isiyoongezwa kitu. Sikuongeza hata kaa moja. Haikuwa na haja. Saa hiyo, kabla ya magharibi, uani kila mlango una jiko, kila jiko lina mwanamke anayeharakisha, na bati liko juu yetu kama mfuniko.

Alikuja amevaa kanzu safi. Nilimkalisha mahali pa heshima, kwenye mkeka chumbani, chini ya dirisha, ambapo ndipo alipokuwa analala binti yangu. Kuhusu sebule, nilitoa sababu kwamba nafasi ni ndogo. Mume wangu akakaa pembeni, ameinamisha kichwa, ananijua.

Adhana ikasikika. Akala tende, akanywa maji, akasali na mume wangu palepale. Wakarudi kwenye uji. Nilikuwa nimekaa mlangoni na kanga yangu, natazama.

Kwanza alitoa leso akajifuta shingo. Kisha akavua kofia, jambo ambalo sikumbuki kuliona hata mazikoni. Akasifia mihogo. Akasafisha koo. Akasema uji una pilipili ya kutosha, mashaallah. Akasafisha koo tena. Kisha kikamjia, kikohozi kile kikavu kinachoanza kama utani, kikamshika, kikamkunja, macho yakajaa maji. Na mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, ulikuwa mwezi mtukufu na mgeni alikuwa wangu, nami nilifurahi mpaka vidole vyangu vya miguu. Nilimwacha akohoe kidogo zaidi ya inavyofaa, ndipo nikampelekea maji.

Akanywa. Akapepea uso kwa kofia. Kisha akasema maneno ambayo nisingeweza kumwomba ayaseme, na ambayo sikuwa nimethubutu kuyaota.

"Hebu tufungulie dirisha, mwanangu."

Nilisimama. Nilivuka miguu yake kwa heshima, nikasema samahani baba mdogo, nikavuta komeo, nikafungua.

Tofali. Saruji imebubujika kwenye maungo, imekauka hivyohivyo kama uji uliomwagika, kwa kuwa fundi hapangi vizuri upande ambao hauonekani. Nyuma yake mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inavuma, na msichana wa saluni anamcheka mteja. Hakuna hata harufu ya nje iliyoingia.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Alinyoosha mkono akaligusa, kama vile kuna mtu amelichora.

"Hii ni fremu yangu?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Fundi aliniambia kuna nafasi."

"Ipo. Ya kidole."

Mashine ya saluni ikazimwa. Akatazama mkeka, akatazama yale madoa ya ukutani nyuma ya kabati, akatazama sebuleni.

"Binti yuko wapi? Sijamwona."

"Kolo, kwa mama."

"Kufanya nini wakati shule zimefunguliwa?"

"Kupumua."

Mume wangu aliacha kutafuna.

Mzee akarudisha kofia kichwani polepole. "Kila siku nakuuliza habari za humo ndani," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Na kila siku nakujibu nzuri."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ulitaka nikujibu nini barabarani, mbele za watu, wewe baba yangu?"

Alimaliza uji wake, maana kuacha ingekuwa matusi. Alikohoa tena mara kadhaa. Safari hii sikufurahi sana, ila sitasema kwamba nilimhurumia, nilikaa tu. Alipoondoka aliomba dua ya chakula, akamwombea na mtoto, kwa jina.

Siku ya pili yake mafundi walikuja, wakang'oa mabati ya katikati ya ua. Mstari wa mbingu ukatokea. Wanawake walilalamika, masika bado haijaisha, nani kamwambia huyu mzee, na mimi nilikaa kimya nikichambua mchele. Moshi ukapata njia. Mvua nayo ikapata njia, na sote tukasogeza majiko, tukagombana, tukazoea.

Dirisha likabaki vilevile.

Binti yangu alikuja kwa ajili ya Idi. Mchana alikaa uani akawa mzima, anasema na kila mtu. Akiingia chumbani kulala, kifua kinaanza, hafifu kuliko zamani lakini kipo, na asubuhi mabega yako juu. Aliniambia, bila kunilaumu, anasuka nywele za mwanasesere wake, "Mama, mimi nitarudi kwa bibi. Kule naona nje." Watoto hawajui wanachokikata.

Siku hiyohiyo ya Idi mzee alipita nyumba kwa nyumba, kama ilivyo desturi, kupeana mkono na kuombana radhi kwa yaliyopita. Akafika kwetu.

"Idi njema, mwanangu. Kama nimekukosea, unisamehe."

Watu wengi wanajibu hapohapo, tumesameheana, na kumpa mtu biskuti. Mimi siwezi kusema nimesamehe kitu ambacho kiko ukutani kwangu.

"Nimekusamehe bati," nikamwambia. "Tofali bado."

Aligeuka akamtazama mtoto, aliyekuwa anakula tambi. "Tofali haliwezi kutoka. Mle ndani mna mtu na kazi yake."

"Najua. Hana kosa."

"Basi unataka nifanye nini?"

"Mimi sijui kujenga, baba mdogo. Ila nikuambie nilikokwenda, usije ukasikia kwa watu. Kabla ya Ramadhani nilikwenda kwa ustadhi."

Uso wake ukabadilika. Mtu wa Kondoa hahitaji kuelezwa. "Kunisomea?"

"Kukusomea."

"Mimi? Niliyemzika baba yako?"

"Hilo nililitaja pia. Nilimweleza yote."

"Akasemaje?"

"Akasema nihakikishe kwanza kama unajua. Kwa sababu usipojua, itanirudia." Nikamkaribisha sahani ya tambi. "Sasa unajua."

Sijui kama ilikuwa tishio. Nimejiuliza sana. Nilisema kweli tupu, tena kwa sauti ya chini, tena na chakula mkononi. Lakini naijua furaha iliyokuwa kifuani mwangu, na haikuwa furaha ya mtu anayesema kweli tu.

Idi ilikuwa haijapoa alipokuja fundi na tindo. Chumba chetu kina ukuta wa upande, unaotazamana na uchochoro kati yetu na nyumba ya jirani. Hakuna aliyewahi kuufikiria, maana uchochoro ule ni mwembamba na kwa mbele kidogo kuna choo cha jirani. Fundi akatoboa. Vumbi lilitanda siku nzima. Jioni kulikuwa na tundu la mraba, halafu likawekewa fremu, nondo na wavu wa mbu. Dirisha dogo, nusu ya lile la zamani. Upepo unakunja kona ya nyumba na kuingia kwa ubavu, na siku nyingine unakuja na choo cha jirani. Nausema na huo ubaya wake. Lakini pazia linacheza. Nilikaa kitandani nikalitazama lile pazia kama watu wanavyotazama televisheni.

Kisha fundi akachanganya saruji, akasema mzee kamwagiza alizibe lile la zamani, liwe ukuta, chumba kipendeze.

"Liache," nikasema.

"Mama, halina kazi."

"Lina kazi."

"Kazi gani?"

"Wewe liache, baba. Mwambie nimekataa."

Aliliacha. Binti yangu alirudi likizo ya Juni, na shule zilipofunguliwa hakuondoka tena. Kifua hakijapona kabisa, vumbi la Agosti lilimrudisha nyuma, dawa ya kuvuta iko kwenye begi lake. Lakini analala chali, mikono juu ya kichwa, na mwalimu wake ameanza tena kulalamika kwamba anaongea darasani.

Kwa hiyo haki imetendeka, au sehemu yake, na ningepaswa kuishia hapa. Mume wangu anasema niishie hapa. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimejiandaa kwa kisasi kikubwa, na mzee akarekebisha alichoharibu kabla sijakitumia. Alininyang'anya dirisha, kisha akaninyang'anya na sababu ya kumchukia. Nimebaki na hasira iliyopikwa ikaiva, na mgeni hakuja kula. Huenda nina roho mbaya. Nikifikiria ile miezi ambayo mtoto alikuwa Kolo anajifunza kulala bila mimi, naona roho yangu ni ya kawaida.

Lile dirisha la zamani nalifungua kila asubuhi. Nalifuta vumbi. Mzee akija kusalimia mtoto, nampa nafasi ya kulitazama, na ukifika mwezi mtukufu nitamwalika tena, nimkalishe palepale, na hawezi kukataa.

Bado anapita kila siku baada ya alasiri, fimbo mkononi. Kwa jirani wa kwanza anauliza habari za humo ndani. Kwa jirani wa pili anauliza. Akifika usawa wa mlango wangu anasema tu, "Hujambo, mwanangu," na kukaza mwendo.

Namwacha apite hatua chache. Kisha namwita, kwa sauti ya kutosha mtaa wote usikie.

"Baba mdogo! Leo hujaniuliza habari za ndani."